Ua la Lushoto: la buluu au la pinki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kila Jumatano baada ya alasiri wazee wa mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, hukusanyika kwenye baraza ya nyumba ya bibi yangu. Tunakunywa kahawa kwa kashata, tunapiga soga, kisha mimi huwatolea chemshabongo. Kuna mama mmoja aliyefanya kazi Lushoto enzi za ujana wake, haachi kuisifia haidrenjia, lile ua la mviringo la bustani za kule. Anasema lilikuwa la buluu. Mzee mwingine, aliyekuwa dereva hukohuko, anaapa lilikuwa la pinki. Ubishi hauishi. Mama huyo aliwahi kuleta tawi hapa mjini, likashika, lakini miaka yote likatoa majani tu. Naomba mambo ya kuvutia kuhusu ua hili niwasomee, ila yasiwe ya kitoto, maana wazee wangu hawapendi kufanywa watoto.

Jibu: Marahaba mwanangu, na salamu zangu zifike barazani. Jumatano ijayo anza kwa kuwapatanisha mama na dereva, kwa sababu wote wawili wamesema kweli. Haidrenjia ya majani mapana, ambayo ndiyo hupandwa sana bustanini, haina rangi moja iliyozaliwa nayo. Kata matawi mawili kutoka mche mmoja, moja ulipande kwenye udongo mwekundu wa Lushoto na jingine kwenye udongo wenye chokaa. La kwanza litachanua buluu na la pili litachanua pinki. Huenda mama alikuwa akiyaona yaliyokuwa katikati ya bustani. Dereva, ambaye gari lake huegeshwa karibu na jengo, huenda aliyaona yaliyoota chini ya ukuta, ambako chokaa ya saruji hutoka kidogo kidogo na kuingia ardhini. Hata mche mmoja unaweza kubeba buluu upande huu na pinki upande wa pili, ikiwa mizizi yake imekamata udongo wa namna mbili.

Kinachofanya kazi hapo ni aluminiamu, ile ile inayotengenezewa sufuria zetu. Imo karibu katika kila udongo, ila mara nyingi imefungwa na mmea hauwezi kuinyonya. Udongo ukiwa na tindikali, yaani kipimo cha tindikali kiitwacho pH, ambacho hushuka tindikali ikizidi, kikiwa chini ya 5.5 hivi, aluminiamu huyeyuka katika maji ya ardhini, mizizi huivuta, nayo hupanda mpaka kwenye ua. Humo hukutana na rangi iitwayo delfinidini, ambayo ikiwa peke yake huonekana nyekundu au pinki. Vikishikana viwili hivyo, ua huwa buluu. Udongo ukiwa na chokaa na pH ikapita 6.5, aluminiamu hubaki imefungwa, na ua hubaki na pinki yake. Katikati ya hapo ndipo yanapotokea ya zambarau, na kwangu mimi hayo ndiyo mazuri kuliko yote. Haidrenjia nyeupe haimo katika mchezo huu. Haina delfinidini ya kushikana na kitu, hivyo hata uibadilishie udongo haiwi buluu.

Mimea mingi huumizwa na aluminiamu, mizizi yake hudumaa. Haidrenjia huihifadhi bila kudhurika, na mmea mwingine wenye tabia hiyo ni chai. Hapo sasa wape wazee nafasi ya kusema wao, kwa kuwa sidhani kama katika baraza la Tanga mtakosa mtu aliyechuma chai Amani au Bumbuli, au aliyeolewa na mchuma chai. Wao wanaujua ule udongo kwa miguu yao. Mvua za Usambara zimeuosha karne kwa karne, zikaondoa chokaa na kuacha wekundu na tindikali. Ndiyo sababu penye kustawi chai, haidrenjia huchanua buluu. Nyinyi mlio mjini mmekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mapango ya Amboni mnayopelekea wageni ni mwamba wa chokaa mtupu. Haidrenjia ikikubali kuchanua kwenye udongo kama huo, hutoa pinki. Mbali kabisa, katika visiwa vya Azores vya Ureno, kipo kisiwa cha Faial ambacho watu hukiita Kisiwa cha Buluu. Wakulima wa huko hugawa mashamba yao kwa uzio wa haidrenjia badala ya minyaa, na udongo wao wa volkano una tindikali, basi msimu wa maua barabara zote huwa buluu pande mbili.

Usiishie kusoma. Wazee wengi wanapenda kitu cha kushika na kukibishania kuliko cha kusikiliza, na rangi hii mnaweza kuichezea hapo hapo barazani bila kuwa na haidrenjia hata moja. Nunua rozela kavu sokoni. Roweka katika maji ya moto, chuja, acha ipoe, kisha mimina katika glasi tatu za kioo, maji kidogo yaongezwe ili rangi isiwe nzito mno. Glasi ya kwanza iache ilivyo. Ya pili ikamulie ndimu. Ya tatu itie magadi, ncha ya kijiko tu, ukoroge. Kabla hujatia kitu, waulize kila mmoja aseme itageuka rangi gani, na mwenye kuandika aandike. Ya ndimu itazidi kuwa nyekundu na kung'aa. Ya magadi itakwenda zambarau, kisha buluu iliyochanganyika na kijani. Delfinidini imo pia katika rozela, kwa hiyo mnachokiona ni rangi ya ukoo mmoja na ile ya ua la Lushoto. Glasi ya magadi isinywewe.

Jiandae, kwa sababu mzee makini atakushika hapo hapo: mbona ndimu, ambayo ni tindikali, imeleta wekundu, na dakika kumi zilizopita umetuambia tindikali huleta buluu? Swali hilo ni zuri na lisipite bila jibu. Katika glasi, ndimu inaigusa rangi yenyewe. Bustanini, tindikali iko ardhini na haifiki kwenye ua. Kazi yake ni kuifungulia aluminiamu mlango tu, na aluminiamu ndiyo inayokwenda kuleta buluu.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama wa pwani watalielewa haraka kuliko mimi nitakavyolieleza. Shabu, lile jiwe jeupe la dukani ambalo wanaume walijipaka baada ya kunyoa na kina mama walitia kwenye mtungi ili maji machafu yatuame, ni chumvi ya aluminiamu. Ndiyo dawa ya zamani ya kuifanya haidrenjia iwe buluu: huyeyushwa katika maji, kidogo tu, na kumwagiwa mche uliokwisha kunyweshwa maji ya kawaida, wiki kadhaa kabla ya kuchanua. Ikizidi huunguza mizizi. Na kwenye udongo uliojaa chokaa haisaidii sana, maana aluminiamu unayoitia leo hufungwa kesho, ndiyo maana wanaotaka buluu mahali kama Tanga hupanda kwenye ndoo au kopo lenye udongo walioutoa mlimani. Ukitaka pinki, mambo ni rahisi zaidi: jivu la mekoni likinyunyizwa shinani hupunguza tindikali. Yote mawili huchukua msimu mzima. Ua lililokwisha kuchanua halibadiliki kwa kumwagiwa maji ya shabu jioni moja, na anayekuambia vinginevyo usimwamini.

Sasa tawi la mama. Mwambie kwa sauti, mbele ya wenzake, kwamba mkono wake haukuwa na kosa lolote. Haidrenjia hii huandaa vitumba vya maua miezi mingi kabla ya kuchanua, na ili ianze kuviandaa huhitaji ubaridi, majuma sita hadi nane ya hali ya hewa isiyozidi nyuzi 18 hivi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila aliyelala huko mwezi wa Julai anajua blanketi moja halitoshi. Tanga mjini hata usiku wa Julai haufiki ubaridi huo kwa majuma mfululizo. Mche unapata maji, unapata mbolea, unanenepa na kutoa majani ya kupendeza, lakini ile ishara ya kutengeneza ua haiji. Wakulima wa Ulaya wanaolea haidrenjia za kuuza ndani ya vyungu nao huziweka kwenye vyumba vya baridi majuma kadhaa, ili vitumba vilivyokwisha kuumbika viamke na kuchanua. Kama mama bado anao ule mche, auweke kivulini upande usiopigwa na jua la mchana, aufurahie kwa majani yake. Au ampe mtu anayepanda Soni ama Lushoto akauchomeke huko. Utachanua, nina hakika nao.

Na wapo wa milimani wanaolalamika jambo hilo hilo la majani bila maua. Kwao kosa huwa ni panga. Vitumba hukaa kwenye matawi ya msimu uliopita, hivyo anayepogoa mche wote wakati usio wake huwa amekata maua ya mwaka mzima. Hupogolewa mara tu maua yanapokauka.

Swali la kuwachokoza: petali za haidrenjia ziko wapi? Watakuonyesha vile vipande vipana vya rangi. Sizo. Hizo ni sepali, zile sehemu ambazo katika maua mengi huwa kijani na hulifunika ua likiwa bado kitumba. Katika haidrenjia zimekua, zikapakwa rangi, zikachukua kazi ya kuwavuta wadudu. Ua la kweli ni kile kinundu kidogo kilicho katikati, ambacho wengi hawakioni kabisa. Kuna haidrenjia za namna mbili katika hili: ile ya mviringo, ambayo karibu yote ni sepali za mapambo na mbegu zake ni haba, na ile bapa, ambayo katikati ina vijiua vidogo vya kweli vilivyosongamana na pembeni ina duara la sepali. Kwa kuwa hamna haidrenjia, vunja kijitawi cha bogenvilia, ambazo Tanga zimejaa kwenye kuta. Ile rangi nyekundu au zambarau tunayoisifu ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe chembamba kilichosimama katikati. Mzee aliyepita mbele ya bogenvilia miaka yote bila kulijua hilo atafurahi, na jioni atawaonyesha wajukuu.

Kisa sasa, maana baraza bila kisa haikamiliki. Haidrenjia ya majani mapana asili yake ni Japani, na mwaka 1823 alifika huko daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold. Siku hizo Japani ilijifungia. Wazungu walibanwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki, na Siebold aliingia kwa sababu alikuwa akiwatumikia Waholanzi. Akaishi na binti wa Kijapani aliyeitwa Kusumoto Taki, na mwaka 1827 wakapata mtoto wa kike, Ine. Kisha akakutwa na ramani za Japani, jambo lililokatazwa kabisa kwa mgeni, na mwaka 1829 akafukuzwa nchini. Taki na mtoto wakabaki. Huko Ulaya Siebold aliandika juu ya mimea ya Japani, na haidrenjia moja akaipa jina Hydrangea otaksa, kutokana na alivyokuwa akimwita mama wa mwanawe, Otaki-san. Wataalamu wa mimea hawalitumii jina hilo tena, kwa kuwa ua lilikuwa limekwisha kupewa jina mwaka 1784 na Thunberg, Mswidi aliyemtangulia kufika Nagasaki. Lakini watu wa Nagasaki hawakulisahau. Mpaka leo haidrenjia ndilo ua la mji wao.

Msiishie kwa Siebold, ambaye kila kitabu kinamtaja. Waelezee zaidi habari za Ine. Alikua bila baba, akasoma udaktari wa Kizungu kwa wanafunzi wa baba yake, akawa mwanamke wa kwanza anayetajwa nchini Japani kwa kazi hiyo, na akabobea katika uzazi. Siebold aliruhusiwa kurudi mwaka 1859, akamkuta binti aliyemwacha mchanga ni mtu mzima mwenye kazi yake. Waulize kina bibi wangemwambia nini mwanamume aliyerudi baada ya miaka thelathini. Usiwakatize.

Kisa hicho kina mwenzake hapa hapa kwenu, na nisipokitaja nitakuwa nimewanyima haki watu wa Tanga. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Yeye aliona kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya, kinachoota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, akakipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akakipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo kiua hicho kimo katika vyungu vya madirishani Ulaya, Marekani na Japani, na kinawafaa wazee waliostaafu, kwa sababu hakihitaji bustani wala nguvu za jembe. Wajerumani hukiita kwa jina la Usambara mpaka sasa. Porini, ndugu zake kadhaa wamo hatarini kwa sababu misitu yao imekatwa. Kwa hiyo, mwanangu, wazee wako wakistaajabia ua lililotoka Japani likafika Lushoto, wajue pia kwamba kuna bibi yupo Ujerumani muda huu analimwagilia ua la kwao Tanga.

Mengine niyataje kwa ufupi. Zipo aina zaidi ya sabini za haidrenjia duniani, nyingi za Asia ya mashariki, chache za Amerika. Ipo inayotambaa ikapanda ukuta au mti mita kumi na tano. Jimbo la Alabama, Marekani, limeifanya haidrenjia yenye majani ya mwaloni kuwa ua lake la porini tangu 1999. Huko Japani huchanua mwezi wa Juni, msimu wa mvua, na hekalu la Meigetsu-in mjini Kamakura hujaa watu wanaokwenda na miavuli yao kuzitazama. Ipo pia ambayo majani yake hukaushwa yakafanywa chai yenye utamu wa ajabu bila sukari, na tarehe 8 Aprili, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Buddha, chai hiyo humwagiwa sanamu yake ndogo. Hiyo ya chai ni aina maalumu inayotayarishwa na wanaoijua. Hapo weka mkazo, wasije wakadhani ya Lushoto inachemshwa. Majani, vitumba na maua ya haidrenjia za bustani yana sumu. Mwaka 2008 huko huko Japani watu waliokula majani yaliyowekwa sahanini kama pambo waliugua kwa kutapika na kizunguzungu.

Umesema hawapendi kufanywa watoto, na mimi nasimama nao. Chemshabongo nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya wazee huuliza mwaka na idadi, kisha aliyesahau huinamisha kichwa. Miaka niliyokutajia ni yako wewe msimulizi, usiwatahini nayo. Waulize mambo ambayo hakuna anayeweza kukosa: bustani gani uliyoiona ujanani hujaisahau? Nani alikufundisha kuchomeka tawi? Kwenu shabu ilitumika kwa nini? Mwenye kumbukumbu iliyofifia mara nyingi hujibu hayo vizuri kuliko sisi, na ukimpa glasi ya rozela mkononi atasema zaidi.

Mwisho, kama kuna mtu wa kuaminika anayeshuka kutoka Lushoto, mwagize vichwa vichache vya maua halisi, mama ayaone tena. Yakatwe asubuhi mapema, yale yaliyokwisha kufunguka vizuri, maana machanga hunyauka. Mashina yatumbukizwe kwenye ndoo yenye maji mara moja, na ndoo isafiri nayo, kwa kuwa njia ya Soni, Mombo, Korogwe mpaka Tanga ina joto la kutosha kuyaua. Yakifika yamelegea msiyatupe. Kateni ncha za mashina upya, kwa mshazari, mzichovye katika unga wa shabu, mrudishe kwenye maji. Yasipoamka, yazamisheni mazima mazima, vichwa na yote, katika beseni la maji baridi kwa saa moja hivi. Haidrenjia hunywa hata kwa zile sepali zake, nayo ni katika maua machache yanayofufuka hivyo. Wakimaliza kuyashika wanawe mikono kabla ya kashata, na masalia yafukiwe mahali ambapo mbuzi wa mtaani hawayafikii.